Zimebaki wiki kumi na sura imerudishwa: niiache tasnifu?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa Tanga, nipo mwaka wa nne katika chuo kimoja hapa Massachusetts, nasoma historia. Mwezi wa tisa nilikubaliwa kuandika tasnifu ya heshima kuhusu biashara ya Marekani na Zanzibar, 1833 hadi 1865. Hamu yote ilianzia kwa bibi yangu, ambaye mpaka leo kitambaa cha pamba kisichopaushwa anakiita marekani, vitabuni merikani. Nina kurasa zaidi ya mia za notsi. Sura ya kwanza nimeiandika mara tatu. Inaanza hivi, nikimtaja Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar: "Mwaka 1833 Marekani na Sayyid Said walitia saini mkataba, na biashara ya merikani ikashamiri." Juzi msimamizi ameirudisha, anasema nasimulia tu, sijengi hoja. Vyanzo vyangu vya Kiswahili hawezi kuvisoma, kwa hiyo huko nipo peke yangu. Zimebaki wiki kumi. Mwenzangu wa bwenini ameacha ya kwake na sasa analala vizuri. Je, na mimi niache? Na nisipoacha, nianzie wapi?

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu ile sentensi ya kwanza ya sura yako imebeba kazi yako yote bila wewe kujua. Nitaifikia. Kwanza nikujibu hilo la kuacha, maana naona ndilo linalokunyima usingizi.

Usiamue wiki hii. Uamuzi wa namna hiyo haufanywi siku ambazo sura imerudi imejaa wino mwekundu. Nimesimamia wanafunzi wa mwaka wa nne katika vyuo vya huku kwa miaka mingi, na karibu wote walipita hapo ulipo, wengi wao Februari hii hii. Muhula wa kwanza mtu anakusanya, na kukusanya kuna raha yake, kila jioni unaona rundo limeongezeka. Muhula wa pili unatakiwa useme jambo, na rundo halisemi. Ndipo mtu mwenye akili zake timamu anaanza kujiona mjinga.

Kuna jambo la ofisini ambalo mwenzako wa bwenini huenda halimhusu ila wewe linakuhusu. Kama upo kwa visa ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, unatakiwa kuwa mwanafunzi wa muda wote, na kwa shahada ya kwanza hiyo kwa kawaida ni krediti zisizopungua 12 kwa muhula. Tasnifu ni somo, ina krediti zake. Ukiifuta katikati ya muhula na jumla yako ikashuka chini ya hapo, umeingia kwenye suala la ukaazi wako, ambalo ni zito kuliko tasnifu yoyote. Anayemaliza masomo anaweza kuruhusiwa kusoma masomo machache zaidi katika muhula wake wa mwisho, lakini ruhusa hiyo hutafutwa kabla ya kufuta somo. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kaa chini na mshauri, mwonyeshe ratiba yako. Halafu muulize mratibu wa idara kama tasnifu inaweza kugeuzwa kuwa utafiti binafsi, yaani unaandika kazi fupi zaidi, krediti unazipata, alama unapata, isipokuwa ile heshima haiandikwi kwenye cheti. Vyuo vingi vina njia hiyo na ina tarehe yake ya mwisho. Iandike tarehe hiyo ukutani. Ukishajua kwamba mlango upo na unafungwa lini, utafanya kazi kwa moyo uliotulia.

Kwa wasomaji wengine ambao mambo haya ni mageni kwao: vyuo vya Marekani havifanani katika hili. Princeton na Reed kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaandika tasnifu au kazi ya uzito huo, apende asipende. Kwingine, kama anakosoma binti huyu, mwenye alama nzuri ndiye anayeomba, anapewa msimamizi, anaandika kwa mihula miwili, kisha anaitetea mbele ya walimu. Swarthmore wana utaratibu wao tangu 1922, wanaita watahini kutoka nje ya chuo waje kumpima mwanafunzi ambaye hawajawahi kumfundisha. Nautaja huo kwa sababu nataka binti yangu aandike kana kwamba atasomwa na mtu wa namna hiyo, asiyemjua na asiyejua aliteseka kiasi gani.

Sasa turudi kwenye sentensi yako. "Mwaka 1833 Marekani na Sayyid Said walitia saini mkataba, na biashara ya merikani ikashamiri." Itazame hiyo "na" ya pili. Inabeba mzigo kuliko maneno mengine yote, tena inaubeba kimyakimya. Inamwambia msomaji kwamba mkataba ndio ulioleta biashara. Je, ndivyo? Kama notsi zako ni nzuri ninavyodhani, humo ndani una meli za Salem, mji wa bandari wa Massachusetts, zilizotia nanga Unguja miaka ya 1820, kabla mtu hajafikiria mkataba. Una Edmund Roberts, mfanyabiashara wa Portsmouth, New Hampshire, aliyefika Unguja mwishoni mwa miaka hiyo hiyo, akamlalamikia Sayyid Said masharti ya biashara, kisha akarudi kwao kuisukuma serikali yake itake makubaliano. Mkataba ukasainiwa Maskati Septemba 1833, ushuru wa bidhaa zinazoshushwa ukawekwa asilimia 5. Kwa mtiririko huo biashara ndiyo iliyouzaa mkataba, halafu mkataba ukaja kuilea.

Unaona kilichotokea? Umeandika ukweli wa tarehe, na ukweli huo umeficha swali. Msimamizi wako anapoandika kwamba unasimulia tu, ninaamini analalamikia hizo "na". Kazi ya leo jioni: chapisha sura yako, chukua kalamu, zungushia kila "na", kila "kisha", kila "baada ya hapo" inayounganisha tukio na tukio. Pembeni ya kila moja jiulize: ni "kwa sababu"? Ni "ingawa"? Ni "licha ya"? Zile ambazo huwezi kuzijibu, hizo ndizo zenye mali. Mwanafunzi wangu mmoja alizungushia arobaini na kitu katika kurasa ishirini, akalia, halafu kesho yake akaja na swali la tasnifu nzima likiwa limeandikwa nyuma ya ukurasa wa saba.

Neno ninalotaka ulishike kuliko yote ni hili: kazi yako haihitaji kuongezewa kitu. Inahitaji kukatwa. "Biashara ya Marekani na Zanzibar, 1833 hadi 1865" ni kabati. Ukilifungua unakuta pembe za ndovu zilizokwenda Connecticut, Deep River na Ivoryton, kuchongwa vibonyezo vya piano. Unakuta sandarusi, utomvu wa miti ulioganda, iliyochimbwa Mrima, pwani ya bara, ikapelekwa Salem na udongo wake, ikaoshwa huko kabla ya kuwa vanishi. Unakuta Richard Waters, konsuli wa kwanza wa Marekani, aliyefika 1837 na aliyekuwa konsuli na mfanyabiashara kwa wakati mmoja, na Jairam Shivji aliyekodi forodha ya Unguja, yaani haki ya kukusanya ushuru wake, na jinsi hao wawili walivyoelewana mpaka wafanyabiashara wengine wakanung'unika. Unakuta pamba iliyolimwa na watumwa kusini mwa Marekani, ikafumwa Massachusetts, ikaja kuvaliwa Unyanyembe, huko Tabora. Kila kimoja cha hivyo kinatosha tasnifu. Vyote pamoja vinawatosha maprofesa watano na miaka kumi.

Nami huwapima wanafunzi kwa jambo moja. Niambie ni karatasi gani ambayo ukiipata kesho itakuonyesha kwamba umekosea. Anayeweza kuitaja ana hoja. Asiyeweza bado ana mada tu, hata kama ana kurasa mia.

Kama ningekuwa ninakaa na wewe mezani, ningekuuliza habari za bibi. Umemweka kwenye barua kama salamu, sentensi moja, ukapita. Lakini swali lililokutoa Tanga mpaka hapo ni la bibi: kwa nini kitambaa kinaitwa marekani na mtu ambaye hajawahi kushika kitambaa kilichotoka Marekani? Fikiria vizuri. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza 1861, pamba iliadimika, bei ikapanda, na merikani halisi ikapungua Unguja. Nafasi ikaingiwa na vitambaa vya Uingereza na vya India. Baadaye viwanda vya Bombay vikafuma kitambaa cha aina ile ile kwa ajili ya pwani yetu. Mwenye kitambaa alibadilika, jina halikubadilika. Kwa nini?

Hapo pana hoja mbili zinazopigana, na tasnifu inapenda ugomvi wa namna hiyo. Ya kwanza inasema jina liliacha kutaja nchi likawa linataja sifa: uzito, upana, rangi ya pamba isiyopaushwa, uimara wa kustahimili jua na kuoshwa. Mnunuzi wa Bagamoyo au Tabora aliposema merikani alikuwa anataja kipimo, na mfumaji wa Bombay alilazimika kukifikia. Kwa hoja hiyo mtu wa bara, aliyekuwa akipima kitambaa kwa vidole vyake, alikuwa na sauti mpaka viwandani. Ya pili inasema hapana, jina lilibaki kwa sababu wauzaji walilitumia kuuzia kitambaa kingine, mnunuzi hakuwa na la kufanya. Ushahidi gani utatenganisha hizo mbili? Bei. Kama katika barua na orodha za bei za miaka ya 1860 wafanyabiashara wanatofautisha merikani ya Marekani na ya kuiga, na ya kuiga inauzwa kwa bei ya chini au inakataliwa, basi wanunuzi walijua wanachokigusa. Kama hazitofautishwi popote, hoja ya kwanza imepata jeraha. Hizo ndizo karatasi zinazoweza kukuonyesha umekosea, na bahati yako zinafikika.

Karatasi za wafanyabiashara wa Salem zipo karibu nawe. Maktaba ya Phillips ya Jumba la Makumbusho la Peabody Essex ilihamia Rowley, kaskazini ya Salem, mwaka 2018, kwa hiyo usipande treni ya kwenda Salem ukafika mlango usio wake. Waandikie mapema, wape majina ya mikusanyo unayoitaka, nenda na penseli. Taarifa za makonsuli wa Marekani waliokuwa Zanzibar zilipigwa picha kwenye mikrofilamu zamani; mkutubi wako anaweza kukuagizia kutoka chuo kingine bila wewe kusafiri. Zamia miaka 1859 hadi 1866 tu. Usiguse mwaka mwingine.

Na hapa ndipo Kiswahili chako kinapoacha kuwa mzigo. Kitambaa kilihesabiwaje? Katika misafara ya katikati ya karne ya 19 kipimo kilianzia kwenye mkono, yaani kiwiko hadi ncha ya kidole, karibu nusu yadi. Mikono minne ni shuka. Mikono minane ni doti. Gora ndilo lile zima lililokunjwa. Msomaji wa Kiingereza akikutana na doti kwenye hesabu za msafara anaona kipimo cha kigeni, anakigeuza kuwa yadi nne, anaendelea. Wewe umezaliwa katika nyumba ambamo doti ni khanga mbili zilizoungana, moja ya kuvaa na moja ya kujitanda. Unajua kwamba doti ni vazi la mtu mzima mmoja aliyesitirika. Basi msafara unapolipa doti kwa chakula, unalipa kwa kipimo cha mwili wa mtu. Je, kiwanda cha Massachusetts kilifuma kwa upana unaofaa kufungwa kifuani, au kilifuma kwa sababu zake na watu wakaurekebisha mwili kwa kitambaa? Sijui mwalimu gani wa Boston angeuliza hilo. Wewe unaweza, na ukiuliza, msimamizi wako atakaa wima kwenye kiti.

Kuhusu yeye kutosoma Kiswahili: usimwonee haya wala usimlinde. Kila dondoo la Kiswahili liweke kwa maneno yake ndani ya matini, tafsiri yako ifuate, na pale neno linapogeuka mkononi, lieleze kwenye tanbihi. Mfano ni neno "mali". Tippu Tip alipoandika maisha yake kwa Kiswahili, simulizi ambayo Heinrich Brode aliichapisha mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa mtu wa misafara, na katika Kiswahili cha misafara mali mara nyingi ni bidhaa za kubadilishana, nguo na shanga. Ukiitafsiri kama utajiri, mtu anaonekana anajivuna. Ukiitafsiri kama bidhaa, anapanga mizigo. Tanbihi ya mistari mitatu juu ya neno hilo inamwonyesha msimamizi kazi unayoifanya ambayo hawezi kuiona mwenyewe. Pia omba msomaji wa pili anayejua Kiswahili. Lugha yetu inafundishwa katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, na idara nyingi zinaruhusu msomaji kutoka chuo jirani. Barua pepe moja ya heshima inatosha, na iandike kabla Februari haijaisha, maana Aprili kila mwalimu amezidiwa.

Jihadhari na jambo moja katika vyanzo hivyo. Tippu Tip, na vilevile Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo ambaye maandishi yake juu ya desturi yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, walisomwa na ulimwengu miaka arobaini hivi baada ya kipindi chako. Wanakumbuka, au wanaeleza desturi ya wakati wao. Usiwatumie kama mashahidi wa 1862. Watumie kuonyesha neno lilifika wapi, kisha fungua kamusi ya Kiswahili ya Krapf ya 1882 na ya Johnson ya 1939 uone neno linavyoelezwa katika kila moja. Ngazi hiyo, barua za Salem, kamusi, maandishi ya wenyeji, halafu bibi yako, ni sura nzima, na haihitaji kurasa zaidi ya ishirini na tano.

Bibi mwenyewe, najua mkono unakuwasha kumpigia simu na kumrekodi. Subiri. Vyuo vya Marekani vina bodi ya maadili ya utafiti unaohusisha watu, na kila chuo kina kanuni zake kuhusu mahojiano ya historia simulizi, vingine vinayaruhusu bila fomu, vingine vinataka kibali kwanza. Kurekodi kwanza na kuomba baadaye kunaweza kukufanya usiruhusiwe kutumia hata neno moja la bibi yako. Waandikie leo, eleza kwa aya moja unataka kumuuliza nani na nini.

Sasa kukata. Sura ya mkataba inapungua kuwa kurasa nne za utangulizi. Waters na Jairam Shivji wanabaki katika aya moja. Na Sultana itabidi uiache. Najua una sura ya Sultana hata kama hukuitaja, kila mwanafunzi wa mada hii anayo. Ni meli ya Sayyid iliyoingia New York tarehe 30 Aprili 1840 ikiongozwa na Ahmad bin Na'aman, ikiwa na zawadi za Rais Van Buren, farasi na lulu na zulia, na New York nzima ikaenda gatini kuwatazama Waarabu. Ni kisa kitamu. Mimi mwenyewe nilipokisoma mara ya kwanza nilikesha. Lakini hakijibu kwa nini jina merikani lilibaki, na kisa kitamu kisichojibu swali kinakula nguvu ya kinachojibu. Kihamishie kwenye faili lingine, lipe jina "baadaye", usilifute. Utakapoomba shahada ya pili utalifungua.

Katika kuandika kwenyewe ninakuomba usifuate mtindo wa kungoja siku nzima iliyo wazi. Mwaka wa nne hauna siku hiyo, una masomo mengine, una kazi ya maktaba au ya mgahawa, una maombi ya ajira. Chukua saa moja na nusu asubuhi kabla hujafungua simu, siku tano kwa wiki, uandike kurasa mbili mbaya. Wiki nne zina siku ishirini za namna hiyo, yaani kurasa arobaini mbaya, na kurasa mbaya zinaweza kurekebishwa. Anza na sura ya bei na vita, ile yenye ushahidi mgumu. Sura ya kamusi na bibi ifuate. Utangulizi uandikwe mwisho kabisa, maana hujui unamkaribisha mgeni kwenye nyumba gani mpaka umeijenga. Wiki ya saba mpe msimamizi rasimu nzima, hata ikiwa na matundu. Walimu wengi, nami nimo, tunasaidia vizuri zaidi tukiona mwili wote kuliko tukiletewa kidole kimoja kimoja kwa wiki kumi.

Ukienda kumwona, usiende na sura. Nenda na karatasi moja: swali lako kwa sentensi moja, jibu unalodhani ni sahihi kwa sentensi mbili, vyanzo vitatu vinavyokufanya udhani hivyo, na kimoja kinachokupinga. Dakika thelathini za mazungumzo juu ya karatasi hiyo ni bora kuliko wiki tatu za maoni pembezoni mwa ukurasa. Tena mwambie wazi kwamba ulikuwa unafikiria kuacha. Sisi tuliolelewa kumwamkia mwalimu na kunyamaza tunaona kusema hivyo ni utovu wa adabu. Huku mwalimu anachukulia kwamba asiyesema hana shida, na wanafunzi wetu wengi wazuri wameangukia shimo hilo wakiwa wamefunga mdomo kwa heshima.

Kuna kosa langu ambalo sitaki ulirudie. Nilipoandika tasnifu yangu nilikuwa nanakili kutoka vitabuni kwenye daftari bila alama za kunukuu, nikijua kwamba nitakumbuka yapi yangu na yapi ya mwenye kitabu. Miezi sita baadaye sikukumbuka. Msomaji wa pili alikuta sentensi mbili ambazo hazikuwa zangu, na ingawa aliniamini kwamba haikuwa wizi wa makusudi, nililazimika kupekua kila ukurasa wa tasnifu nikilinganisha na kila kitabu, siku tisa bila kulala vizuri, muda mfupi kabla ya utetezi. Bado naona ukurasa ule. Kwa hiyo hizo notsi zako za kurasa mia, kila ulichonakili neno kwa neno kipake rangi sasa hivi, na namba ya ukurasa pembeni. Kama hukumbuki, rudi kwenye kitabu. Ukishindwa kukipata, usikitumie.

Utetezi wenyewe usikutishe. Mara nyingi ni saa moja, walimu wawili au watatu, nao wanataka ufaulu. Swali litakalokuja hakika ni "kwa nini hukushughulikia jambo fulani?", na jibu lake ni "kwa sababu halijibu swali langu, na hivi ndivyo ningelishughulikia kama ningekuwa na mwaka mwingine." Wakikuuliza kuhusu Sultana, cheka moyoni. Swali gumu litakuwa la ushahidi: je, barua za wafanyabiashara wa Salem zinaweza kukuambia mnunuzi wa Tabora alifikiri nini? Anza kulifikiria leo, kwa sababu ndilo swali la kweli la kazi yako. Barua hizo ziliandikwa na watu waliotaka kuuza. Wanapolalamika kwamba kitambaa fulani "hakitakiwi", wanamnukuu mteja bila kumtaja. Kukusanya malalamiko hayo, kuyapanga kwa mwaka na kwa mahali, na kusema kwa uangalifu yanaweza kubeba nini na hayawezi kubeba nini, hiyo ni kazi ya mwanahistoria kamili, na binti wa mwaka wa nne anaweza kuifanya.

Kwa hiyo kesho asubuhi nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni, waandikie bodi ya maadili na maktaba ya Rowley, na omba nusu saa ya msimamizi kabla ya Ijumaa. Jioni zungushia hizo "na". Ile karatasi moja ukishaiandika, nitumie kabla hujampelekea; nitaisoma siku hiyo hiyo. Kibali cha bodi kikitoka, mpigie bibi, msalimie kutoka kwangu, na kabla hujamuuliza lolote kuhusu jina, mwombe akueleze kwa mkono wake jinsi mama yake alivyokuwa akikipima kitambaa dukani, anaanzia wapi kwenye kiwiko na anaishia kidole gani.